Kagua mchoro wako wa zamani na tochi na simu kabla hujaugusa

Kama uko na mchoro wa zamani kwa nyumba hapa Kisumu, ule babu alinunua kitambo na sasa rangi inaanza kubanduka, tafadhali usianze kuupangusa na kitambaa cha maji. Kwanza piga picha.

Ngoja usiku, zima taa zote, egemeza simu kwa kitu imara isitingishike, alafu washa tochi ukiilaza kando kabisa ya mchoro, mwanga upite juu ya rangi kama jua la jioni juu ya shamba lililolimwa, hapo ndio utaona nyufa, mabonde, na pale rangi imeinuka inataka kudondoka. Piga pande zote nne. Hii ndio napenda zaidi, karibu ni bure na inaonyesha mengi.

Ya pili ni tochi ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno ambao macho hayauoni, tafuta ya nanomita 365 (hicho ni kipimo cha mwanga wake). Vanishi ya zamani ya utomvu wa miti inang'aa kijanikijani, na mahali mtu alirekebisha na rangi mpya juu yake panabaki peusi. Usiielekeze kwa macho.

Infraredi, mwanga mwingine usioonekana kwa macho, inataka kamera maalum, inapenya rangi nyingi lakini mistari ya makaa iliyochorwa chini ya rangi inabaki nyeusi. Ndivyo wataalamu walipata mwanaume mwenye ndevu amefichika chini ya mchoro wa 1901 wa mchoraji Picasso!

Andika tarehe kwa kila picha, rudia baada ya miezi sita pembe ileile, juu unyevu wa ziwa ukipanda na kushuka turubai inavutika na kulegea, na ufa ukiongezeka muonyeshe mtaalamu hizo picha kabla hajashika brashi.