Somo: Kubana video za kamera za ulinzi bila kupoteza sura ya mtu

Kamera ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080. Kila nukta ikichukua baiti 3, picha 25 za sekunde moja zinafika megabaiti 155 hivi. Diski ya terabaiti 1 ingejaa kabla ya saa mbili. Rekoda hukwepa hilo kwa kutupa data, na fundi ndiye anayeamua kitupwe nini.

Hatua ya 1: Tazama kinachotikisika. Rekoda huhifadhi fremu (picha) moja nzima, yaani ai-fremu, kisha zinazofuata huandikwa mabadiliko tu. Duka la Ngamiani, hapa Tanga, likishafungwa usiku, hakuna kinachosogea, data ni chache mno. Nenda sasa Raskazone, kamera imeelekea minazi na bahari: kila kuti likipepea ni data mpya. Basi kuzipa kamera zote kipimo kimoja ni kumdhulumu mteja, na inaniuma kuona kazi hiyo ikifanyika kila mahali. Geuza kamera kwanza, minazi itoke kwenye picha.

Hatua ya 2: Kodeki, yaani njia ya kubana video. H.265 ya mwaka 2013 hubana kuliko H.264 ya 2003, mara nyingi karibu nusu kwa ubora uleule. Hakikisha simu ya mteja inaifungua.

Hatua ya 3: Bitireti, yaani kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde. Megabiti 4 kwa sekunde ni gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne hazimalizi siku 6 kwenye terabaiti 1. Ndani ya duka weka megabiti 2 na fremu 15 kwa sekunde. Langoni usibane sana, sura za watu zinapita hapo.

Hatua ya 4: Ai-fremu iwe kila sekunde 2. Ukizitenganisha mno, kurudisha video nyuma kunasuasua.

Mwisho mtu apite langoni usiku. Simamisha video, utazame uso wake.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, mchana picha safi, usiku inajaa vibonge vya mraba. Kwa nini?
Jibu: Gizani kamera hutoa chengachenga, rekoda ikadhani ni mwendo na data yote ikaishia huko. Ongeza taa kabla ya kuongeza bitireti.

Swali: Kaka, polisi wakitaka ushahidi naweza kuisafisha video baadaye?
Jibu: Hapana ndugu yangu, kilichotupwa hakirudi. Toa faili kwenye rekoda kwa flashi. Usiwatumie kama video ya kawaida ya WhatsApp, itabanwa tena.