Kujaza au kukausha? Leta utepe kwanza

Vijana ninaowafundisha kunyanyua vyuma hapa Kadutu, mjini Bukavu, huniuliza kila mara: "Kocha, nijaze mwili au nikaushe?" Yaani ale zaidi ili misuli ikue, au apunguze chakula ili mafuta yaishe. Karibu wote wamekwisha kujitazama kwenye kioo, na kioo kimewaambia wakaushe. Mimi nawaomba utepe wa fundi cherehani.

Pima asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai. Zungusha utepe usawa wa kitovu, usivute tumbo ndani. Kisha gawa urefu wako kwa mbili. Mwenye sentimita 174, nusu yake ni 87. Kiuno kikiwa 80, jaza bila wasiwasi. Kikipita 87, kausha kwanza. Kikiwa 84 au 85, fungua daftari la mazoezi: kama kilo kwenye chuma zinapanda mwezi hadi mwezi, usibadili kitu.

Aliyeanza vyuma mwaka huu ale vizuri na anyanyue tu. Misuli itakuja huku mafuta yakipungua. Na aliyetoka kuugua malaria, kilo zimemwishia, arudishe kwanza mwili wake.

Nasema wazi: hapa Bukavu wengi wanakausha wakati walipaswa kujaza. Mtu ana kilo 71, kiuno chembamba, anataka kushuka hadi 66 akidhani huko wapinzani ni rahisi kuwashinda. Katika powalifti, yaani mashindano ya nguvu ya kunyanyua vyuma, wanaume kimataifa hupangwa kwa kilo: 59, 66, 74, 83 na kuendelea. Huyu nafasi yake ni 74, na baadaye 83 kama mifupa yake inaruhusu. Nguvu hukaa kwenye unene wa msuli, na msuli haujengwi kwa njaa.

Kujaza si kula hovyo. Ongeza kalori kama 300 kwa siku. Kijiko kikubwa cha mawese kina karibu 120; weka viwili kwenye sombe (kisamvu), ongeza tonge la bugali, umefika. Protini iwe gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili. Hapa ziwa letu la Kivu linatusaidia sana: gramu 100 za sambaza, wale samaki wadogo, zilizokauka vizuri zina zaidi ya gramu 50 za protini, nyingine utazipata kwenye maharage na mayai. Kwa mtu wa kilo 71, mizani ipande gramu 200 hadi 350 kwa juma. Anayepanda mlima wa Kadutu kila siku na mzigo mgongoni, mizani yake itakataa kusogea. Aongeze bugali mpaka isogee.

Ukikausha, ondoa mawese, bia na mandazi. Sambaza usizipunguze. Mtu wa kilo 86 apunguze nusu kilo kwa juma, isizidi sana hapo. Uzito kwenye chuma ubaki uleule. Ukichoka, punguza seti, yaani mizunguko ya kunyanyua. Dada ambaye hedhi imekatika aache kukausha siku hiyohiyo, ale.

Maliza kukausha mapema kabla ya mashindano. Wanyanyuaji hupimwa uzito ndani ya masaa mawili kabla ya kuanza, kwa hiyo aliyejinyima maji hana muda wa kuyarudisha. Kiuno kikifika sentimita tatu au nne chini ya nusu ya urefu wako, rudi kwenye chakula cha kawaida, tulia hapo majuma mawili, ndipo uanze kujaza.