Kanuni za Shahada ya Uhandisi, Hatua kwa Hatua: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Malindi na Wazazi Wao

Mimi ni mhandisi wa maji hapa Malindi, na kila matokeo ya KCSE yanapotangazwa hupokea wanafunzi na wazazi kutoka Barani, Maweni, Mambrui na hata Gongoni wanaotaka kuelezwa namna ya kuingia kwenye uhandisi. Wengi huja na swali la kuingia tu. Kwa maoni yangu, kuingia na kumaliza ni jambo moja, kwa sababu shahada hii ya miaka mitano imefungwa kwa kanuni tangu siku ya kuchagua kozi hadi siku jina linaposomwa kwenye mahafali, na anayezijua kanuni hizo mapema huweza kujitetea pale ambapo mwenzake, mwenye akili ileile, hubaki kulalamika. Mwongozo huu unawahusu wanaopitia KCSE ya mfumo wa 8-4-4, ambayo imepangwa kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2027.

Hatua ya 1: Hesabu klasta yako kabla ya kutazama jina la chuo

Swali ninaloulizwa zaidi na kina mama ni hili: "Mwanangu amepata B, na jirani yake amepata B, mbona yule ameitwa uhandisi na wangu hakuitwa?" Jibu liko kwenye klasta, yaani kundi la masomo yanayotazamwa na kozi husika. Wastani wa C+ ndio kiwango cha chini cha kuingia shahada yoyote nchini, lakini KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, haipangi nafasi za uhandisi kwa wastani peke yake. Inatazama masomo manne: Hisabati, Fizikia, Kemia, na somo la nne ambalo laweza kuwa Biolojia au somo jingine linaloruhusiwa na kozi husika. Programu nyingi hudai angalau C+ katika kila moja ya yale matatu ya kwanza, na aliyepata C ya Fizikia hawezi kuiokoa kwa A ya Historia.

Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, na kuendelea hivyo hadi E ambayo ni 1. Masomo manne ya klasta yana kilele cha pointi 48, na masomo saba yanayohesabiwa kwenye wastani yana kilele cha 84. Tangu KCSE ya 2023, masomo hayo saba ni Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na mengine matano bora. Kanuni ambayo imetumika kwa miaka mingi, na ambayo inatosha kwa makadirio, ni hii: gawanya pointi zako za klasta kwa 48, gawanya jumla yako ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili cha zao hilo, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue wanafunzi wawili wa kubuni, wote wana jumla ya 60, yaani wastani wa B. Wa kwanza ana Hisabati 10, Fizikia 9, Kemia 8 na Biolojia 9, kwa hiyo klasta yake ni 36. Ukipiga hesabu utapata 35.132. Wa pili ana 7 katika kila somo kati ya Hisabati, Fizikia na Kemia, lakini ana 11 katika Dini ya Kiislamu, ambayo inaingia kama somo la nne, na 11 nyingine katika Kiswahili, ambayo imeinua wastani wake bila kuigusa klasta. Klasta yake ni 32, na hesabu inatoa 33.123. Pointi mbili zinatosha kumpeleka mmoja kwenye uhandisi wa ujenzi na kumwacha mwingine nje. Sasa fungua tovuti ya KUCCPS, tazama pointi zilizowekwa hapo kwa jina lako, kwa kuwa hizo ndizo zitakazotumika na si zile ulizokokotoa wewe, kisha zilinganishe na pointi za mwanafunzi wa mwisho aliyechukuliwa katika kozi hiyo mwaka uliotangulia. Machaguo yako yasiwe yote juu ya kiwango chako. Weka angalau moja ambalo una hakika nalo, tena liwe kozi ambayo kweli ungeisoma.

Hatua ya 2: Soma jina la shahada neno kwa neno, kisha uliza Bodi

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie, kwa sababu kosa la hatua hii huonekana baada ya miaka mitano. Sheria ya Wahandisi ya 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, na ni Bodi hiyo inayomsajili mhitimu kuwa mhandisi. Kabla hujajaza fomu, tafuta kwenye tovuti ya Bodi orodha ya programu zinazotambuliwa, uhakikishe kwamba kozi ile, katika chuo kile, imo. Usiridhike kwa kuwa chuo ni kikubwa au kwa kuwa programu nyingine ya chuo hichohicho imetajwa, maana kutambuliwa hutolewa kwa programu moja moja.

Pia kuna shahada za teknolojia ya uhandisi, ambazo mara nyingi huchukua miaka minne. Hizo ni shahada halali na zina kazi zake, lakini wahitimu wake husajiliwa na bodi nyingine, iliyoundwa kwa Sheria ya Teknolojia ya Uhandisi ya 2016, na husajiliwa kama wanateknolojia. Mzazi anayeuza shamba ili mwanawe awe mhandisi ana haki ya kujua tofauti hiyo kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza. Nimeona familia zikigundua jambo hili siku ya kutafuta kazi, na ni jambo ambalo lingejulikana kwa dakika chache kwenye saiberi yoyote ya hapa mjini.

Hatua ya 3: Kama una diploma, jiandae kudai krediti kwa maandishi

Njia ya diploma ni njia ya heshima, na mafundi wengi hodari wa Pwani wamepitia hapo. Vyuo vikuu vingi huwapokea wenye diploma ya uhandisi iliyofaulu vizuri, kwa kawaida kuanzia daraja la ufaulu liitwalo krediti, na baadhi huwaruhusu kuanzia mwaka wa pili. Kusamehewa masomo uliyokwisha kuyasoma, ndiko kudai krediti, hakufuati jina la diploma. Idara huweka mtaala wako kando ya mtaala wake na kulinganisha somo kwa somo, hivyo peleka nakala ya matokeo pamoja na silabasi yenye muhuri wa chuo chako cha awali, ukijaza maombi kabla ya kusajili masomo ya muhula wa kwanza. Usitegemee kuhamisha zaidi ya nusu ya shahada. Chuo kinachotoa cheti hutaka sehemu kubwa ya kazi uifanye kwake. Wala usiharakishe kuomba kusamehewa Hisabati. Hisabati ya diploma na ile ya mwaka wa kwanza wa shahada hukutana kwa majina kuliko kwa kina.

Hatua ya 4: Sajili masomo kila muhula, na uelewe uzito wake

Kulipa karo hakukusajilii masomo. Kila muhula huna budi kuingia kwenye tovuti ya chuo, uchague masomo ya muhula huo na uhakikishe yameandikwa, kwa kuwa anayefanya mtihani wa somo ambalo hakulisajili hana mahali pa kuwekewa alama.

Krediti, yaani uzito wa somo, hupimwa kwa saa za kukutana na mwalimu. Saa ya mhadhara huhesabiwa kamili, ilhali saa za karakana au maabara hupunguzwa, kiasi kwamba saa mbili au tatu za vitendo huwa sawa na saa moja ya mhadhara, kutegemea kanuni za chuo. Ndiyo maana ratiba ya mwanafunzi wa uhandisi hujaa kuliko ya mwenzake wa kitivo kingine ingawa krediti zao zinakaribiana. Mahudhurio nayo ni kanuni: vyuo vingine hudai theluthi mbili ya vipindi, vingine robo tatu, na aliyepungukiwa aweza kuzuiwa kuingia chumba cha mtihani. Wanaorudi nyumbani kila harusi na kila Maulidi wapige hesabu hiyo kabla ya kukata tiketi ya basi.

Hatua ya 5: Jua mtihani unavyohesabiwa na nini hufuata ukifeli

Alama ya somo huwa na sehemu mbili. Kazi za muhula, yaani majaribio ya darasani, mazoezi ya nyumbani na ripoti za maabara, huchukua takriban asilimia 30 hadi 40, na mtihani wa mwisho huchukua zilizobaki. Katika vyuo vingi alama ya kufaulu ni 40. 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, na 40 hadi 49 ni D. Daraja la shahada hufuata mipaka hiyohiyo: daraja la kwanza kuanzia 70, la pili la juu kuanzia 60, la pili la chini kuanzia 50.

Aliyefeli masomo machache hupewa mtihani wa nyongeza. Hapo ndipo wengi hujipoza moyo wakidhani wamerudishiwa nafasi kamili, kumbe alama ya juu kabisa inayoandikwa kwa mtihani wa nyongeza ni ile ya kufaulu tu, 40 kwa kawaida, hata kama umepata 78. Aliyefeli masomo mengi, na kila chuo kina mstari wake, mara nyingi theluthi au nusu ya masomo ya mwaka, hurudia mwaka mzima au huondolewa. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya chuo tafuta kijitabu cha kanuni za mitihani cha kitivo chako, ukisome kurasa za mitihani ya nyongeza, kurudia mwaka na kuondolewa, ukiandika pembeni idadi zinazotajwa.

Mtihani maalumu ni jambo tofauti kabisa. Huo ni wa aliyekosa mtihani kwa sababu nzito kama ugonjwa au msiba, na alama zake huhesabiwa kamili. Masharti yake ni barua kwa mkuu wa kitivo pamoja na ushahidi, mapema iwezekanavyo. Mwanafunzi mwenye homa kali aende zahanati ya chuo asubuhi ileile na apewe karatasi. Asijikokote kuingia mtihani akiwa hoi, kwa kuwa akishakaa na kuandika, kanuni nyingi zitamhesabu kuwa amefanya mtihani.

Lipo pia suala la masomo tangulizi, yaani yale ambayo huna budi kuyafaulu kabla ya kusoma yanayofuata. Mekanika ya Viowevu ya kwanza huifungua ya pili, ya pili hufungua haidroliki, na haidroliki hufungua usanifu wa mifumo ya maji. Ni sawasawa na bomba linalotoka visima vya Baricho kando ya Sabaki: likipasuka huko juu, mifereji ya Malindi yote hukauka, hata iwe mipya namna gani. Kwa sababu masomo mengi hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, kufeli somo moja tangulizi na kulifeli tena kwenye nyongeza kwaweza kukurudisha nyuma mwaka mzima. Ukilemewa na masomo mawili kwa wakati mmoja, okoa kwanza lile ambalo mengine yanalitegemea.

Hatua ya 6: Hifadhi ushahidi wa kila mtihani

Alama kupotea ni tatizo ambalo wanafunzi wa vyuo vyetu wanalijua vizuri: umefanya mtihani, na kwenye matokeo nafasi ya somo hilo iko tupu. Uzito wa dai lako hutokana na karatasi ya mahudhurio ambayo msimamizi huizungusha chumbani, yenye nambari yako ya usajili, nambari ya kijitabu chako cha majibu na sahihi yako. Usitoke bila kutia sahihi, na unukuu nambari ya kijitabu nyuma ya kadi yako ya mtihani. Tunza pia majaribio yote yaliyosahihishwa katika jalada moja la plastiki. Nafasi ikiwa tupu, mwandikie mwenyekiti wa idara wiki hiyohiyo, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokewa. Kuulizia kwa mdomo koridoni hakuachi kumbukumbu, na kadiri miezi inavyopita ndivyo mwalimu anavyoweza kuhama na vijitabu kuwekwa ghala.

Hatua ya 7: Mafunzo ya viwandani

Mafunzo haya ni sehemu ya shahada na yana alama, asiyeyafanya hahitimu. Anza kuomba nafasi miezi mitatu au minne kabla, ukipeleka barua ya chuo na bima. Wa kwetu hawana haja ya kukimbilia Nairobi. Kuna kampuni ya maji, kuna viwanda vya chumvi vya Gongoni, kuna mitambo ya umeme, na kuna bandari ya Lamu ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Jaza daftari la mafunzo kila jioni na msimamizi atie sahihi kila wiki, maana ndilo linalosahihishwa.

Hatua ya 8: Linganisha majina kabla ya orodha ya mahafali kuchapishwa

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Pwani. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Athman, cha KCSE Othman, kitambulisho Adhman, na mwenyewe ni mmoja. Chuo hutumia jina la cheti cha KCSE, na Bodi ya Wahandisi itataka cheti cha shahada, nakala ya matokeo na kitambulisho vioane utakapoomba kusajiliwa kama mhandisi mhitimu, hatua inayotangulia angalau miaka mitatu ya uzoefu kabla ya kuomba usajili wa mhandisi kamili. Weka karatasi zote mezani mwanzoni mwa mwaka wa tano, uzisome herufi kwa herufi, na ukiona tofauti nenda kwa wakili akutayarishie hati ya kiapo, kisha umwandikie msajili wa chuo pamoja na nakala yake. Orodha ikishachapishwa na cheti kikishatolewa, marekebisho hayohayo huwa marefu na ya gharama.