Kuoanisha Sehemu za Usukani Unapoboresha Suspensheni ya Mbele ya Corolla DX

Wenye Corolla DX, yaani ile KE70 iliyoanza kuundwa mwaka 1979, huniletea magari yao wakiwa wameshanunua shoki, springi na breki za AE86, ile Corolla ya michezo, na mara nyingi kisichokuwemo kwenye buti ni sehemu za usukani. Siwalaumu, kwa sababu nami nilifanya kosa hilo hilo. Nilifunga shoki za AE86 kwenye gari langu, nikabakiza mikono ya usukani (vyuma vinavyogeuza gurudumu) na tairodi (fimbo zinazoisukuma mikono hiyo) za zamani, kisha nikaingia barabara za ndani za Umoja nikiamini kazi imekwisha. Kila gurudumu lilipopanda tuta, usukani ulijizungusha kiganjani kana kwamba kuna mtu aliyeushika kutoka chini. Nilirudi mvunguni nikakagua nati moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa zimekazwa barabara. Sehemu zenyewe zilikuwa nzima, ila kila moja ilichorwa kwa ajili ya gari tofauti.

Mwongozo huu unafuata kazi hiyo kwenye KE70. Hata hivyo, vipimo vya hatua ya pili na ya nne vinamfaa pia mwenye Datsun, Escort au Peugeot 504.

Hatua ya kwanza: amua utatumia mfumo upi wa usukani

KE70 yenye injini ya 4K hutumia boksi ya usukani (sanduku la gia), pamoja na mkono wa pitmani unaotoka kwenye boksi, mkono wa aidla unaoufuata upande wa pili, fimbo ya kati inayoiunganisha mikono hiyo, na tairodi zake. AE86, iliyotoka mwaka 1983, hutumia raki, yaani fimbo yenye meno inayosukumwa kulia na kushoto na gia ndogo iitwayo pinioni. Mifumo hii miwili haina viungo vya ndani mahali pamoja, na ndiyo sababu tairodi ya mfumo mmoja haiwezi kuchora tao sawa na ya mfumo mwingine hata ikiwa imeingia vizuri kwenye tundu lake.

Ukitaka kubaki na boksi, baki na mikono yako ya usukani, na ubadilishe shoki, springi na bushi tu. Ukitaka raki, chukua seti nzima kutoka gari moja: krosmemba (boriti ya mbele inayobeba injini na raki), raki, mikono ya chini (inayoshika gurudumu kwa chini), mikono ya usukani, tairodi na kipande cha shafti kinachoshuka kutoka kwenye usukani. Mimi hupendelea seti nzima, ingawa bei yake huumiza, kwa sababu watu wa Toyota walikwisha kufanya hesabu ambazo fundi wa gereji atazirudia kwa shida. Kumbuka tu kwamba krosmemba ya AE86 ilitengenezewa injini za familia ya A, kwa hiyo anayebaki na 4K atalazimika kutengenezewa mabano ya viti vya injini, na ahakikishe sampu (bakuli la oili chini ya injini) haigusi raki kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Mikono ya usukani ya AE86 ni ya aina mbili. Ile ya gari lenye usukani wa pawa ni mifupi kuliko ya gari lisilo na pawa, na mkono mfupi hugeuza magurudumu haraka zaidi lakini huongeza uzito mikononi mwa dereva. Ukifunga mkono mmoja wa aina hii na mwingine wa aina ile, magurudumu hayatakubaliana kwenye kona. Muuzaji wa Kirinyaga Road atakuuzia kimoja kimoja bila kusita, kwa hiyo viweke viwili mgongo kwa mgongo juu ya kaunta na ulinganishe umbali kutoka tundu la bolti hadi tundu la tairodi kabla ya kutoa pesa.

Jambo jingine kwa wanaoagiza vifaa mtandaoni: gari la Japani lina usukani upande wa kulia kama letu, lakini vifaa vingi vya raki vinavyotoka Marekani vimetengenezewa magari ya usukani wa kushoto, na shafti ya pinioni hutokea upande usiofaa.

Hatua ya pili: pima koni na nyuzi

Hapa ndipo nisipoharakisha. Msumari wa tairodi huingia kwenye mkono wa usukani kwa koni, na koni hiyo ndiyo inayobeba mzigo wote. Nati kazi yake ni kuivuta tu. Koni mbili utakazokutana nazo sana ni ya 1:8, ambayo kipenyo chake hupungua milimita 1 katika kila milimita 8 za urefu, na ya 1:10. Ukizitazama kwa macho hutaona tofauti. Koni ya 1:10 ikiingizwa katika tundu la 1:8 hugusa ukingo mmoja tu, na baada ya wiki chache za mashimo hulegea, hulila tundu, na siku moja msumari hukatika.

Namna ya kuipima ni rahisi. Safisha tundu na msumari kwa petroli hadi pasibaki grisi. Paka wino wa kalamu ya alama kwenye msumari mzima, uache ukauke kidogo, uuingize kwa mkono, uuzungushe mara moja huku ukiusukuma, kisha uutoe. Wino ukiwa umefutika kwa usawa kuanzia juu hadi chini, angalau robo tatu ya uso wa koni, sehemu hizo zinaoana. Ukiwa umefutika kwenye mkanda mwembamba wa juu au wa chini peke yake, rudisha tairodi dukani. Wapo mafundi watakaokuambia waifunge washa (pete ya chuma chini ya nati) au waikaze zaidi ili ikae, usikubali. Tundu dogo linaweza kupanuliwa kwa rima (kifaa cha kupanulia tundu) ya koni sahihi na mkerezaji anayeijua kazi hiyo, lakini tundu lililokwisha kupanuka halirudi.

Kwa upande wa nyuzi, beba kalipa ya venia (ya kupimia kipenyo) na geji ya nyuzi (ya kupimia hatua, yaani umbali kati ya uzi na uzi). Nyuzi za milimita 12 zenye hatua ya 1.25 na zile zenye hatua ya 1.5 hudanganya sana: nati hupanda mizunguko mitatu au minne kwa mkono, halafu hushika. Anayechukua spana na kulazimisha huwa ameziharibu zote mbili. Nyuzi zikiwa sahihi, tairodi itazunguka kwa vidole hadi mwisho. Ikishafungwa, hakikisha kilichoingia ndani hakipungui mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 21 kwa uzi wa milimita 14. Fimbo ikiwa fupi, tafuta fimbo ndefu zaidi. Usiruhusu mtu yeyote aunganishe fimbo mbili kwa weldi, wala kupasha moto mkono wa usukani ili aupinde, hata akiwa fundi hodari kiasi gani. Chuma hicho kilifuliwa na kutiwa ugumu kwa kipimo, na moto wa gesi huuondoa ugumu huo.

Hatua ya tatu: funga raki na shafti

Funga krosmemba na mikono ya chini kwanza, lakini bolti zinazopita kwenye bushi za raba uziache legevu hadi gari litakaposimama kwa uzito wake, la sivyo bushi zitakaa zimejipinda na kupasuka mapema.

Zungusha pinioni ya raki kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu mizunguko, rudi nusu yake, na uweke alama ya rangi. Hapo ndipo katikati. Unganisha shafti huku usukani ukiwa umenyooka na raki ikiwa kwenye alama hiyo. Hesabu meno ya pande zote mbili kabla ya kuvisukuma pamoja. Shafti ikiwa na viungo viwili vya msalaba, uma zake mbili za kipande cha kati zitazame upande mmoja, na pembe za viungo hivyo zikaribiane, ama sivyo usukani utakuwa mwepesi na mzito kwa zamu katika kila mzunguko.

Funga tairodi za kushoto na kulia kwa idadi sawa ya nyuzi. Baadaye usukani ukionekana umeinama, usiunyooshe kwa kurefusha tairodi moja na kufupisha nyingine. Rudi kwenye meno ya shafti. Tairodi zisizolingana urefu huleta tabia tofauti kwa kila gurudumu gari linapopanda na kushuka.

Hatua ya nne: pima usukani unaojigeuza kwenye matuta

Gari likishushwa, mkono wa chini na tairodi hubadilisha pembe. Visipochora matao yanayolingana, gurudumu hugeuka lenyewe kila suspensheni inapocheza, na hicho ndicho kilichonipata Umoja.

Weka gari juu ya stendi imara, toa springi na urudishe shoki bila springi. Funga ubao ulionyooka kwenye habu (kitovu cha gurudumu) kwa nati za gurudumu, ubane kimulimuli cha leza juu yake kikitazama mbele, na usimamishe kadibodi umbali wa mita 3. Funga usukani usicheze. Inua habu kwa jeki, milimita 10 kila mara, kuanzia milimita 50 chini ya urefu wa kawaida hadi milimita 50 juu yake, ukiweka nukta kwenye kadibodi kila hatua. Nukta ikihama milimita 10 kwenda kando, gurudumu limegeuka takriban digrii 0.2, sawa na milimita 2 kwenye tairi lenye kipenyo cha milimita 600.

Isome kadibodi hivi. Nukta zikifuata mstari ulionyooka lakini ulioinama, kimo cha ncha ya nje ya tairodi ndicho chenye kosa. Zikijipinda kama upinde, zikienda upande mmoja gurudumu likiwa juu na likiwa chini, basi urefu wa tairodi au upana wa raki haulingani na mikono ya chini, na hapo umechanganya sehemu za magari mawili. Kosa la kwanza hutibika. Kwa gari lililoshushwa, spesa inayokaa kati ya shoki na mkono wa usukani hushusha boljointi (kiungo cha tufe kwenye ncha ya mkono wa chini) na tairodi pamoja, na kurudisha pembe zote mbili karibu na zilivyokuwa. Spesa hizo huhitaji bolti ndefu zaidi za daraja lile lile la ugumu, na uhakikishe rimu haigusi mkono wa usukani. Kosa la pili halina spesa.

Hatua ya tano: kukaza na alainimenti

Kaza nati za tairodi kwa spana ya toki kulingana na kitabu cha gari, na tundu la splitipini (pini inayozuia nati isifunguke) lisipolingana na meno ya nati, songa mbele kidogo hadi yalingane. Usilegeze kurudi nyuma. Geuza usukani hadi mwisho kila upande, gurudumu likiwa limening'inia na likiwa limebanwa juu, uangalie mpira wa breki, tairi na boljointi. Anza alainimenti (mwelekeo wa magurudumu) kwa milimita 1 hadi 2 kuelekea ndani, yaani magurudumu yakaribiane zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma.

Baada ya kilomita 100 hivi rudi mvunguni na spana ya toki ile ile, na ukague pia mipira ya vumbi ya raki, kwa maana ukiipinda wakati wa kufunga huchanika mapema, na raki yenye mchanga haimalizi msimu wa mvua.