Acha maji yachanganye rangi

Nilipoanza kuchora kwa rangi za maji, nilikuwa nasugua. Rangi mbili zikikutana nazirudia kwa brashi mara tano, mara sita, mpaka karatasi inachubuka na rangi inageuka tope. Sikujua kwamba mchanganyaji ni maji, na kwamba kazi yangu ni kujua saa ya kuyaachia.

Tafuta karatasi nzito, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Nyembamba hujikunja na maji yakatuama mabondeni. Weka vikombe viwili vya maji, kimoja cha kusuuzia brashi, kingine kibaki safi, na kitambaa karibu.

Chora mstatili wa kadiri ya kiganja, uloweshe kwa maji matupu. Sasa inama, uitazame karatasi kwa ubavu penye mwanga. Iking'aa kama kioo, maji ni mengi mno, rangi itaelea tu. Subiri. Mng'ao ukipungua ukawa kama wa ngozi iliyopakwa mafuta, hapo ndipo. Paka njano upande mmoja, bluu upande wa pili, uache katikati upana wa kidole. Inua karatasi kidogo upande wa bluu. Utaiona bluu ikitambaa, ikiota vijimizizi, mpaka iikute njano na kijani kizaliwe chenyewe. Usiguse! Najua mkono utakuwasha.

Ukirudi na brashi iliyojaa maji kuliko karatasi, maji mapya yatazisukuma chembe za rangi pembeni, na likikauka litabaki doa lenye kingo za kuchongoka. Kausha brashi kitambaani kwanza. Na mng'ao ukiisha kabisa lakini karatasi bado ni baridi kwa mgongo wa mkono, iache ikauke.

Ukichanganya kwenye sahani badala ya karatasini, anza na njano, kisha ongeza bluu kwa ncha ya brashi. Bluu ina nguvu, humeza. Njano ya limau na bluu inayoelekea kijani hutoa kijani changamfu. Njano inayokaribia chungwa ukiipa ultramarini, bluu inayoelekea zambarau, kijani kinafubaa, kama cha zeituni. Ultramarini na siena iliyochomwa, ile kahawia yenye wekundu, hutoa kijivu ninachokipenda kuliko chochote cha kununua. Jaribu kila mchanganyiko kwenye kipande cha karatasi, maana rangi ikikauka hufifia.

Fanya mistatili sita kwa mkao mmoja, na pembeni mwa kila mmoja andika ulisubiri muda gani kabla ya kuweka rangi.