SOMO: Kuku na joto kali, hatua kwa hatua (soma hadi mwisho kabla hujauliza)

Wakuu, salaam.

Kila joto likipanda naulizwa swali lile lile: "Kuku wangu wanahema midomo wazi, niwape dawa gani?" Nimelijibu hadi nimechoka, na mara nyingine jibu linamkuta kuku ameshalala chini. Naandika yote hapa mara moja.

Dawa ya joto haipo. Kuku hana tezi za jasho, na mwili wake akiwa mzima una nyuzi joto 41 hadi 42. Akizidiwa ana njia mbili. Kwanza, anapeleka damu kwenye kilemba, ndevu, miguu na chini ya mbawa, ndiyo maana unamwona ametanua mbawa, ili upepo upoze damu hiyo. Pili, anatweta: unyevu wa kooni na kwenye njia ya hewa unageuka mvuke na kuondoka na joto. Hewa ikipita nyuzi 35 au hapo karibu, njia ya kwanza haimsaidii sana tena, anategemea kutweta. Shika jambo hili, hatua ya 5 inasimama juu yake.

1. Kivuli. Kiwepo mchana kutwa. Cha asubuhi huwa kimeshahama saa nane, kwa hiyo nenda ukakague saa nane.

2. Maji. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku hali ya hewa ikiwa ya kawaida, na joto kali likija anaweza kufika nusu lita. Weka vyombo viwili au vitatu kivulini, sehemu tofauti, kwa sababu kuku mnyonge hufukuzwa kwenye chombo kimoja. Badilisha maji mchana. Kama unatumia mpira wa maji uliolala juani, mwaga kwanza yale ya mwanzo, yanatoka ya moto.

3. Chakula. Kusaga chakula tumboni kunazalisha joto, na joto hilo linampanda saa kadhaa baada ya kula. Walishe alfajiri, ondoa chakula saa nne asubuhi, rudisha jua likipoa. Kuku wa nyama ndio wanaohitaji hili zaidi, maana wanakula bila kupumzika na miili yao ni mizito.

4. Paa. Bati tupu linawachoma kutoka juu. Lipake rangi nyeupe au tandika nyasi kavu juu yake.

5. Hewa kwanza, maji baadaye. Hapa ndipo nilipoua kuku wangu mwenyewe.

Banda langu la kwanza lilikuwa la bati, lenye madirisha mawili madogo. Siku moja ya joto kali nikatundika turubai pande zote mbili zinazopigwa na jua, madirisha yakafunikwa humo humo. Kisha nikachukua ndoo nikalowesha maranda, nikarushia maji kutani, nikaondoka nikiamini nimewapoza. Saa tisa nilipofungua mlango, hewa ilinipiga usoni kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Kuku saba kati ya 22 walikuwa wamekufa, na karibu wote walilala mlangoni, vichwa vimeelekea kwenye ule upenyo wa chini. Walikuwa wanatafuta upepo. Waliotangulia kufa ni mitetea minene, wale waliokuwa wakitaga vizuri kuliko wote.

Kilichotokea ni hiki. Kutweta kunafanya kazi pale tu unyevu wa kooni unapopata hewa kavu ya kuupokea. Mimi niliijaza hewa maji na kuifungia ndani. Wakawa wanatweta bure, na kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli inayoongeza joto mwilini.

Kwa hiyo:
- Turubai likae mbali na ukuta, mfano wa kibaraza. Lisizibe wavu wala dirisha.
- Upande mmoja mzima wa banda uwe wavu, na upande wa pili uwe na mahali pa hewa kutokea, hasa juu karibu na paa, hewa ya moto inakokimbilia.
- Usiloweshe maranda. Yakilowa yanachacha, yanatoa ile harufu kali inayochoma macho, na ugonjwa wa kuhara damu unapata makao. Lowesha udongo wa nje, kivulini.
- Kabla ya kumwaga hata tone, funga unyoya kwa uzi, uninginie kwenye kimo cha kichwa cha kuku. Usipotikisika, usimwage maji. Toboa ukuta kwanza, au weka feni.

6. Kuku aliyeshaanguka. Mpeleke kivulini penye upepo. Lowesha miguu, tumbo na chini ya mbawa kwa maji ya kawaida. Maji ya barafu usimtumbukize: yanamshtua, na mishipa ya ngozi inajifunga, joto linabaki ndani. Usimmiminie maji mdomoni, yataingia kwenye mapafu. Weka chombo mbele yake, anywe mwenyewe. Wengine waliobaki usiwakimbize wala kuwakamata kamata mchana huo.

Maswali karibuni.

---

mfugaji_mpya: Somo zuri mkuu. Wangu wanahema sana tangu jana, kuna dawa ya kuweka kwenye maji?

Mwandishi: Rudi aya ya tatu, sentensi ya kwanza. Kisha hatua ya 5. Banda lako lina wavu pande ngapi?

mfugaji_mpya: Halina wavu, ni matofali na dirisha moja.

Mwandishi: Basi jibu unalo. Watoe nje chini ya mti sasa hivi, kisha urudi kusoma.

ndoo_na_pumba: Unatisha watu bure. Mimi namwaga maji bandani kila siku ya joto, mwaka wa nne huu, sijapoteza hata mmoja.

Mwandishi: Sikusema maji ni sumu. Nimesema hewa kwanza. Banda lako likoje?

ndoo_na_pumba: Wavu pande tatu, na huku kwetu hewa ni kavu.

Mwandishi: Ndiyo sababu. Hewa kavu inayopita inabeba mvuke na kuwapoza kweli. Mwenye banda lililozibwa, au anayeishi penye unyevu mwingi, akikuiga ataua. Kuku saba niliowazika si hadithi ya kutishia watu.

tetea_mweupe: Samahani mwalimu, nimesoma yote. Kwa nini wakati wa joto mayai yanakuwa na ganda laini hata nikiwapa chakula kile kile?

Mwandishi: Dada, swali zuri. Sababu ni mbili, zinakuja pamoja. Joto linamfanya ale kidogo, kwa hiyo hata kalsiamu inayoingia ni kidogo. Halafu kutweta kunatoa kabonidayoksaidi nyingi kwenye damu, na ganda la yai ni kalsiamu kaboneti: linahitaji vyote viwili. Kutweta kukizidi, malighafi inapungua na ganda linakuwa jembamba. Ganda hujengwa zaidi usiku, kwa hiyo wawekee chokaa ya mifugo au maganda ya konokono yaliyopondwa jioni, kwenye chombo cha peke yake, wachukue wanavyotaka. Lakini usipopunguza joto, kalsiamu peke yake haitatosha.

tetea_mweupe: Asante sana. Na chumvi na sukari kwenye maji, kama tunavyofanya kwa mtoto anayeharisha?

Mwandishi: Usikisie chumvi, kuku hudhurika nayo haraka. Tumia unga wa madini wa mifugo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na pembeni weka chombo cha maji matupu ili wachague. Kama kuna anayetaka kuuliza kuhusu siki: usiiweke kwenye chombo cha bati, inakula madini na kuyaachia kwenye maji.

kibanda_nyuma: Mkuu, vifaranga wa siku tatu nao niwawekee feni?

Mwandishi: Hapana! Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Mchana wa joto kali zima taa yao, uiwashe baridi ikirudi. Waangalie wenyewe: wakikimbilia pembezoni na kutanua mbawa wameona joto, wakirundikana wameona baridi.

kibanda_nyuma: Nimeelewa. Na anayeatamia? Hataki kutoka kwenye kiota kabisa.

Mwandishi: Huyo mwangalie kuliko wote. Ataketi hadi afe. Mhamishie kiota penye upepo usiku, na kila siku asubuhi mtoe kwa mkono anywe na ale. Mayai ya wengine kusanya mara tatu kwa siku, yakikaa kwenye joto kijusi kinaanza kukua, na yai la kula linaharibika upesi.

ndoo_na_pumba: Naongeza moja kwa faida ya wote. Mimi nagandisha chupa za maji, naziweka kwenye vyombo vyao saa sita. Wanakunywa hadi jioni.

Mwandishi: Hii ni nzuri, ndugu yangu. Chupa nayo ukiilaza kivulini chini, utawakuta wamelala kando yake.

tetea_mweupe: Wangu wamechimba mashimo chini ya pipa la maji, wanajizika humo mchana kutwa. Niyafukie?

Mwandishi: Usiyafukie, dada. Udongo wa chini una ubaridi na wamejitafutia wenyewe. Hamisha pipa tu kama linaanza kuinama.