Kabla hamjakwamia kwenye fungu la mchanga

Ukipanga Jumamosi ya kwenda kukaa kwenye fungu, ule mchanga unaojitokeza baharini maji yakipwa, usianze na bei ya boti. Tazama mwezi. Ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvu: maji hupwa mbali sana, kisha hurudi kwa kasi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yaani hayapwi wala hayajai sana, na hapo ndipo mimi huwachukua wapwa zangu.

Toka kupwa hadi kujaa ni kama saa 6, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo "wiki iliyopita tulikaa mpaka saa kumi" si hoja. Muulize nahodha maji yanaanza kujaa saa ngapi. Akikujibu "msijali", tafuta mwingine.

Wengi huyatazama mawimbi ya mbele, kumbe maji hupitia nyuma, kwenye mkondo ulio kati yenu na pwani, huku mlipotandika mkeka pakiwa pakavu na watoto wanafukuza kaa. Chomeka kijiti ukingoni mwa mkondo huo. Maji yakikifikia, kusanyeni masufuria muondoke. Pweza ataliwa nyumbani.

Na kama mmeshakwama? Msivuke maji yaliyofika kiunoni, hasa mkiwa na watoto. Kaeni pamoja sehemu ya juu kabisa, mpigieni nahodha, na mpunge kanga yenye rangi kali kila mashua inapopita. Namba yake iandikeni mapema. Simu ikae ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana.